Chumvi Ikipungua, Ladha Itoke Wapi? Ulinganisho kwa Anayempikia Mgonjwa wa Figo

Mgonjwa wa figo hutoka kliniki na karatasi ya makatazo. Mara nyingi karatasi hiyo imeandikwa kwa jiko la watu wengine: inataja jibini na nyama za makopo, lakini haisemi lolote kuhusu tui, ukwaju, kisamvu wala mzuzu. Mpishi wa nyumbani anaogopa kila kitu, anaishia kumwekea mgonjwa wali mkavu na kabichi ya kuchemsha, na mgonjwa naye hachukui muda kabla hajaanza kuchovya tonge kwenye mchuzi wa wenziwe.

Ulinganisho huu ni wa jiko la pwani. Jiko hili lina bahati yake, kwa kuwa ladha yake haikuwahi kutegemea chumvi peke yake. Kuna chachu, kuna viungo vilivyokaangwa, kuna moshi wa makaa, kuna nazi. Swali ni kipi kati ya hivyo uchague, na kwa kiasi gani.

Kwanza ujue unampikia nani

Wagonjwa wawili wa figo wanaweza kuhitaji vyakula vinavyopingana. Aliye hatua ya 3 au ya 4, ambaye hajaanza kusafishwa damu, kwa kawaida hushauriwa protini ya wastani, takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 atakuwa na gramu 48 hivi. Anayesafishwa damu anahitaji zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, kwa sababu mashine nayo inamnyang'anya protini. Ndiyo maana ushauri wa jirani, hata kama naye ana mgonjwa nyumbani, unaweza kukupotosha kabisa.

Potasiamu, madini yaliyomo kwenye matunda na mboga, ni hadithi nyingine. Kiwango chake katika damu hutakiwa kuwa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 hivi kwa lita. Ikiwa majibu ya mgonjwa wako yako humo na yanatulia, huna sababu ya kumnyima kila tunda na kila mboga. Mwongozo wa sasa hauwakatazi wagonjwa wote kwa mkupuo kama zamani. Ikiwa imepanda, au anatumia dawa za presha za kundi la losartan au enalapril, ambazo nazo huipandisha, basi hesabu ya sehemu zinazofuata ni yako hasa. Hali kadhalika kwa anayesafishwa damu mara mbili tu kwa wiki, kama ilivyo kwa wengi Afrika Mashariki kwa sababu ya gharama: siku zinazopita katikati ni nyingi, na potasiamu inapata muda wa kulundikana. Omba majibu yaandikwe, uende nayo kwa mtaalamu wa lishe. Bila namba hizo, chaguo lolote hapa chini ni la kubahatisha.

Chumvi ya kawaida, chumvi ya "afya", au kidonge cha supu?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na kiwango hicho hicho ndicho wanachopewa wagonjwa wengi wa figo. Ni chumvi yote ya siku: iliyo kwenye mkate, kwenye mchuzi na kwenye samaki mkavu.

Chumvi ya mawe na ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali ni chumvi ile ile. Usipoteze pesa.

Chumvi iliyopunguzwa sodiamu, yale madini ya ndani ya chumvi yanayopandisha presha, ndiyo inayohitaji maelezo, kwa kuwa inasifiwa kwa haki lakini haimfai mgonjwa wako. Sehemu ya sodiamu imeondolewa, mahali pake ikawekwa potasiamu. Jaribio kubwa lililofanyika katika vijiji 600 vya China, matokeo yakatangazwa mwaka 2021, lilionyesha kuwa chumvi yenye robo ya potasiamu ilipunguza kiharusi. Lakini watu wenye ugonjwa mkali wa figo hawakuingizwa humo, na Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chumvi za namna hiyo, liliwaweka kando wagonjwa wa figo. Figo dhaifu haiwezi kuitoa potasiamu hiyo, na potasiamu iliyozidi husimamisha moyo. Geuza pakiti nyuma. Ukiona potasiamu imetajwa, mpe nduguyo mwenye figo nzima.

Kidonge cha supu ndicho adui ninayemwogopa kuliko chumvi yenyewe, maana hakionekani kama chumvi. Nusu hivi ya uzito wake ni chumvi, wakati mwingine zaidi. Kidonge cha gramu 4 kina takriban gramu 2, na nani kati yetu hutia kimoja? Tunatia viwili, halafu tunaonja, halafu tunaongeza chumvi. Mchuzi mix wa pakti uko kundi hilo hilo. Bizari ya pilau ya pakti ni tofauti kidogo, nyingi hazina chumvi kabisa, ila soma orodha: vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi. Chumvi ikiwa ya kwanza au ya pili, irudishe kwenye shelfu.

Ajinomoto, ambayo watu huisema vibaya sana, kwa uzito ule ule ina sodiamu kama theluthi tu ya iliyo kwenye chumvi. Chembe mbili tatu badala ya chumvi zinaweza kusaidia. Juu ya chumvi, hapana.

Kisha magadi. Kulainishia maharage au kutia kwenye kisamvu ni kuongeza sodiamu ambayo hakuna anayeihesabu, kwa kuwa mdomoni haina ladha ya chumvi. Maharage yaliyolala ndani ya maji usiku kucha yataiva bila hayo, subira tu.

Chaguo langu ni chumvi ya kawaida, iliyopimwa, inayotiwa mwisho kabisa. Pika chungu kizima bila chumvi, kila mtu atie kwenye sahani yake. Chembe zilizo juu ya chakula hugusa ulimi moja kwa moja, na kidogo hicho huonekana kingi. Wiki za mwanzo watu watanuna. Ulimi hubadilika, ingawa huchukua wiki kadhaa.

Ndimu, siki, ukwaju, embe bichi, au birimbi?

Hapa ndipo ladha ilipo, na ndipo ningependa ukae zaidi. Chachu hufanya kazi ambayo tuliizoea kufanyiwa na chumvi: huuamsha mdomo. Kwa mgonjwa wa figo ina faida ya ziada, kwa kuwa taka zinapolundikana kwenye damu wengi huhisi mdomo una ladha ya chuma, nyama inawakinai, na chachu husaidia kuifunika hali hiyo.

Ndimu ni ya kwanza bila mpinzani. Kijiko cha chakula cha maji yake kina potasiamu kidogo, chini ya miligramu 20, na sodiamu ni kama hakuna. Kosa linalofanyika ni kuitia mapema ikachemka. Ikamulie baada ya kuepua. Na kabla hujaikamua, paruza ganda lake la kijani kwenye kiparuzio, utie chembechembe zile kwenye wali au samaki. Harufu nzuri ya ndimu iko huko.

Siki ina potasiamu ndogo kuliko hata ndimu, na ni rahisi. Ni kali, haina harufu ya kuvutia, lakini kwa kachumbari ya kabichi na pilipili, au kwa kuroweka kuku kabla ya kuchoma, inatosha. Achari ya dukani ni jambo jingine, hiyo imehifadhiwa kwa chumvi.

Ukwaju unaonekana wa hatari ukitazama jedwali: gramu 100 za nyama yake zina potasiamu ya zaidi ya miligramu 600. Ila nani anakula gramu 100? Kijiko kimoja cha chakula, kikichujwa na kugawanywa katika mchuzi wa watu watano, kinampa kila mmoja miligramu 20 hivi. Kwa hiyo ukwaju wa kuchachulia, sawa. Juisi ya ukwaju kwa bilauri, hapana. Tofauti hiyo ya kiungo na kinywaji utaikuta tena kwenye nazi.

Embe bichi lina potasiamu ndogo kuliko nyanya kwa uzito ule ule, na lina utamu wa mbali ambao ndimu haina. Nusu embe kwenye mchuzi wa samaki mbichi, na dania, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, sioni ni nani atakayeuliza chumvi iko wapi. Msimu wake ukiwa mrefu ungekuwa mshindani wa ndimu.

Birimbi, hapana. Nasema hivi nikijua kwamba Unguja, Mombasa na Lamu mbirimbi umesimama uani kwa watu, na achari yake ni tamu. Tunda hili limejaa oksaleti, ambayo hutengeneza vijiwe vidogo ndani ya figo. Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, kusini mwa India, walieleza habari za wagonjwa 10 walioharibikiwa figo kwa ghafla baada ya kunywa maji yake mazito, na baadhi yao wakahitaji kusafishwa damu. Nduguye, lile tunda lenye pembe tano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, ni baya zaidi: mbali na oksaleti lina sumu ya ubongo ambayo figo nzima huitoa na figo mbovu hushindwa. Dalili huanza na kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, degedege, na wengine wamekufa. Kwa haya mawili hakuna kijiko salama cha kupendekeza.

Rojo: nyanya, vitunguu, tui, karanga au mtindi?

Nyanya imesingiziwa kidogo. Nyanya moja ya wastani ina potasiamu ya miligramu 290 hivi. Mbili katika chungu cha watu watano ni chini ya 120 kwa mtu. Nyanya ya pakti, ile ya gramu 70, ni miligramu 700 hivi ukiimimina yote, na nyingine zina chumvi pia. Kijiko kimoja cha hiyo nyanya nzito, hata hivyo, ni miligramu 160 tu na kinatia rangi chungu kizima. Basi kijiko kimoja au nyanya moja, na kilichobaki ufanye kwa vitunguu.

Vitunguu vikaangwe polepole hadi viwe kahawia, kama vya biriani. Haraka haraka hapa inakupotezea ladha ambayo huwezi kuirudisha kwa kitu kingine isipokuwa chumvi. Vikishaiva hivyo, tia bizari nzima, giligilani, tangawizi na thomu kwenye mafuta yale yale, vikaangike kidogo kabla ya kitu chochote chenye maji. Viungo vilivyotupwa kwenye maji yanayochemka havitoi hata nusu ya harufu yake. Kuhusu kiasi usiwe na hofu; iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na manjano vinatumika kwa chembe, na potasiamu yake kwa sahani moja haina uzito. Manjano ya vidonge vya dukani ndiyo ya kuacha, hayo hayafanani na kiungo cha kupikia.

Tui zito la kukamua lina potasiamu ya takriban miligramu 260 kwa mililita 100. Nusu kikombe kwa watu watano ni 60 hivi kwa mtu, kiasi cha kuvumilika. Vikombe viwili kwa chungu kile kile, kama tunavyopenda, ni 250 kwa mtu kabla hujahesabu samaki wala ndizi. Nazi pia ina mafuta mazito, na wagonjwa wengi wa figo wana presha au kisukari, kwa hiyo mara moja au mbili kwa wiki ni busara.

Karanga za kusaga zinatisha kwenye jedwali lakini kijiko kimoja cha chakula kina miligramu 100 tu za potasiamu, na fosforasi yake (madini mengine ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa), kwa kuwa ni ya mmea, nyingi hupita bila kuingia mwilini. Mtindi ni kinyume: kikombe kizima kina potasiamu ya karibu 380 na fosforasi ya zaidi ya 200, na fosforasi ya wanyama huingia kwa wingi zaidi. Vijiko viwili vya kulainishia kuku wa kuchoma, sawa.

Na kama ni samaki wa nazi anayetamaniwa, mchague wa kupaka badala ya mchuzi. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza kwenye makaa, akapata moshi, kisha tui lililopikwa na viungo na ndimu likawa zito hupakwa juu yake. Rojo analokula mtu ni vijiko viwili vitatu. Kwenye mchuzi wa nazi, chochote kilichotoka kwenye samaki na nyanya kinabaki majini, na yale maji mtu anayamalizia na wali hadi sahani inang'aa. Kwa aliyewekewa kipimo cha maji kwa siku tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mchuzi, supu na uji vyote vinahesabiwa kama maji.

Wali, ugali, ndizi, muhogo, viazi

Potasiamu kwa gramu 100, makadirio:

| Chakula | Miligramu |
|---|---|
| Wali mweupe uliopikwa | 35 |
| Unga wa sembe, mkavu | 140 |
| Unga wa dona, mkavu | 290 |
| Viazi vitamu vilivyochemshwa | 230 |
| Muhogo mbichi | 270 |
| Mbatata zilizomenywa na kuchemshwa | 330 |
| Ndizi za kupika, mbichi | 430 hadi 500 |

Wali mweupe unashinda, sina la kuongeza. Dona si baya kama tarakimu zinavyosema, fosforasi yake imefungwa na nyingi haitumiki, na mwenye kisukari asiye na shida ya potasiamu anaweza kufaidika nalo kuliko sembe.

Mbatata na muhogo vina njia ya kurekebishwa, na njia yenyewe watu huikosea. Kuviacha ndani ya maji usiku kucha hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kukatakata vipande vidogo na kuchemsha ndani ya maji mengi, kisha kuyamwaga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliona mbatata za vipande zikipoteza karibu nusu ya potasiamu kwa kuchemshwa, na zilizoparuzwa zikipoteza robo tatu, huku kuloweka peke yake kukiwa na faida ndogo. Basi chemsha, mwaga, ndipo uunge kwa vitunguu, manjano na ndimu. Mzuzu wa nazi siwezi kuutetea kwa mtu mwenye potasiamu ya juu. Na mwaga maji kweli, usiyafanye mchuzi!

Mboga na kitoweo

Mchicha ni mboga ninayoipenda, na ndiyo inayoshindwa vibaya: hata baada ya kuchemshwa na kuchujwa una potasiamu ya zaidi ya miligramu 600 kwa gramu 100, na oksaleti nyingi. Kabichi iliyochemshwa iko kwenye 200, sukuma wiki kati ya 120 na 230, bamia na bilinganya chini ya 140. Bilinganya ndiyo ningeanza nayo kwa ajili ya ladha. Ichome makaani hadi ganda liungue, imenye, iponde na thomu mbichi, ndimu na pilipili manga. Kisamvu, pamoja na nazi na karanga zake, kiwe cha sikukuu, tena kijiko cha kuonja.

Kwa kitoweo, samaki mbichi humshinda samaki mkavu kwa mbali. Papa na ng'onda ni chumvi tupu. Ukimloweka na kubadilisha maji unapunguza, humalizi. Dagaa huliwa na mifupa yake, na fosforasi iko mifupani. Kipande cha changu cha gramu 100 kilichoiva kina protini ya zaidi ya gramu 20, kwa mtu wa kilo 60 ambaye hajaanza kusafishwa damu hiyo ni karibu nusu ya siku. Anayesafishwa damu aongezewe, au apewe na yai.

Maharage yamekatazwa sana bila kupimwa. Kikombe kimoja kilichoiva kina protini gramu 15 hivi, na fosforasi yake huingia mwilini chini ya nusu. Fosforasi inayotiwa viwandani kwenye soseji, jibini la kusambaza na soda nyeusi, hiyo huingia karibu yote. Nikiulizwa nichague kati ya nusu kikombe cha choroko na soseji moja, sihitaji kufikiri. Choroko zina potasiamu ndogo kuliko maharage mekundu, na zinaiva upesi.

Cha kunywa

Dafu lina sifa ya kusafisha mwili, na wageni humletea mgonjwa kwa nia njema. Mililita 300 zina potasiamu ya miligramu 750 hivi. Mshukuru mgeni, wape watoto.

Chai ya maziwa mengi ina fosforasi, karibu miligramu 200 kwa kikombe cha maziwa. Chai ya rangi yenye iliki, tangawizi na kipande cha mdalasini ina harufu kuliko hiyo, na kwa aliyepimiwa maji itiwe kwenye kikombe cha kahawa, ile finjani ndogo, apate mbili tatu kwa siku badala ya bilauri moja.